"Inayofanya Kazi Haiguswi": Ushauri Unaoponza Kompyuta za Nyumbani

Mfumo endeshi ni programu inayoamka kabla ya programu zote unazozitumia kompyuta inapowashwa na ya mwisho kulala inapozimwa. Ndio unaogawa kumbukumbu, unaosoma diski, unaozungumza na printa na unaoamua programu ipi iguse faili lipi. Kuubadilisha ndani ya mashine iliyojaa picha za harusi, barua za kuombea kazi na hesabu za duka kunatia hofu, na hofu hiyo imezaa ushauri unaosikika Dar es Salaam nzima kama sheria: kompyuta inayofanya kazi haiguswi. Mteja anayenunua laptopu ya mtumba kwenye maduka na meza za mafundi, kuanzia viwanja vya Mnazi Mmoja na Mtaa wa Lumumba hadi ndani ya Kariakoo, hukabidhiwa mashine, chaja na maneno haya: "Apdeti zote nimekuzimia bosi, haitakusumbua." Maneno hayo hutolewa kama fadhila, na mteja huyapokea kwa shukrani.

Ushauri huo ni mbaya na unaumiza watu. Haukuzuka hewani: nyuma yake wapo waliopoteza mafaili, waliomaliza bando la mwezi kwa usiku mmoja, na walioshuhudia kompyuta iliyokuwa na mwendo mzuri ikianza kujikokota. Masaibu hayo ni ya kweli. Kosa ni kwamba amebebeshwa asiyehusika. Yakifuatiliwa moja moja, karibu kila lawama ina mwenyewe, na mwenyewe si sasisho.

Mkanganyiko unaanzia kwenye neno lenyewe. Mtaani "kuapdeti" ni jina la mambo matatu yasiyofanana. La kwanza ni kiraka cha usalama: tangu Oktoba 2003 Microsoft hutoa viraka vya Windows kwa ratiba, Jumanne ya pili ya kila mwezi, kuziba matundu yaliyogunduliwa. La pili ni kupanda toleo, kama kutoka Windows 7 kwenda Windows 10 iliyotoka 29 Julai 2015, au kutoka 10 kwenda Windows 11 iliyotoka 5 Oktoba 2021. Kupanda huku kukifanywa inavyotakiwa, mafaili na programu hubaki mahali pake, na mfumo wa zamani huwekwa pembeni kwenye folda iitwayo Windows.old ili mwenye kompyuta aweze kurudi alikotoka ndani ya siku kumi. La tatu ndilo linalofanyika zaidi Kariakoo, nalo lina jina lake zuri: kupiga Windows. Fundi anachomeka flashi, anafuta sehemu ya diski yenye mfumo wa zamani, kisha anapachika mfumo mpya juu ya pale palipofutwa.

Tofauti ya la pili na la tatu ni kubwa kama ya kupaka nyumba rangi na kuibomoa ili ijengwe upya. Anayesimulia kwamba aliapdeti kompyuta akapoteza picha za marehemu mzazi wake, mara nyingi hakuapdeti chochote. Alipigiwa Windows na mtu ambaye hakumuuliza kama kuna kitu kwenye folda ya Documents au juu ya uso wa kompyuta, sehemu zinazokaa kwenye diski ileile ya C inayofutwa. Kilio chake ni halali kabisa, lakini kimeelekezwa kwingine.

Ushauri wa kutogusa unasimama juu ya dhana nyingine, kwamba kompyuta isiyosasishwa hubaki kama ilivyo. Haibaki. Kila kiraka kinapotolewa, maelezo yake huwaonyesha pia wahalifu tundu lilipokuwa, na mashine ambazo hazikuzibwa hugeuka shabaha. Mwaka 2017 ulilionyesha jambo hilo kwa uchungu. Tarehe 14 Machi Microsoft ilitoa kiraka cha tundu katika njia ambayo kompyuta za Windows hutumia kushirikishana mafaili kwenye mtandao. Siku 59 baadaye, tarehe 12 Mei, programu haribifu ya WannaCry ilipita kwenye tundu hilohilo, ikafunga mafaili ya watu na kudai dola 300 za Bitcoin ili iyafungue. Ndani ya siku chache ilikuwa imefika nchi zipatazo 150, na huko Uingereza hospitali za umma ziliahirisha matibabu ya wagonjwa. Karibu kompyuta zote zilizoathirika zilikuwa za Windows 7, na Windows 7 ilikuwa na kiraka tayari. Zilikuwa kompyuta zinazofanya kazi ambazo hakuna aliyezigusa.

Wengi hujitetea kwamba hawafungui tovuti za ajabu wala viambatisho vya watu wasiowajua. WannaCry haikumsubiri mtu abofye chochote. Ilitosha kompyuta moja iliyoambukizwa kuwa kwenye mtandao mmoja na nyingine yenye tundu. Hata asiye na intaneti nyumbani hajasalimika. Oktoba 2008 Microsoft ilitoa kiraka cha dharura, na mwezi uliofuata kirusi cha Conficker kikaanza kusambaa kwa waliopuuza, kisha kikajifunza kupanda kwenye flashi. Afrika Mashariki inaijua njia hiyo vizuri: flashi inatoka nyumbani, inachomekwa stesheneri kuchapisha barua, inarudi nyumbani na mgeni. Kilichopunguza nguvu ya virusi vya flashi kilikuwa sasisho la Februari 2011, lililoizuia Windows XP na Vista kuendesha yenyewe programu iliyomo kwenye flashi inapochomekwa. Aliyekuwa amezima masasisho hakulipata. Aliendelea kununua antivirusi na kulalamika kwamba flashi za siku hizi hazifai.

Kuna pia kuoza kwa polepole, ambako hakuna kirusi kinachohusika. Microsoft iliacha kuihudumia Windows XP tarehe 8 Aprili 2014, Windows 7 tarehe 14 Januari 2020 na Windows 8.1 tarehe 10 Januari 2023. Mfumo ukiachwa, watengenezaji wa programu nao huondoka mmoja mmoja. Kivinjari cha Chrome kiliishia toleo la 109 kwa wenye Windows 7 na 8.1, mwanzoni mwa 2023. Kuanzia hapo tovuti moja inagoma, nyingine inafunguka nusu, fomu ya maombi haikubali kupakiwa. Mwenye kompyuta hudhani mtandao ni mbovu.

Lawama inayorudiwa kuliko zote ni uzito: "Ilikuwa nyepesi, nikaapdeti, sasa inaganda." Hapa inafaa kuitazama mashine yenyewe kwa karibu. Laptopu nyingi za mtumba huja na diski ya kuzunguka, ile inayotoa mlio wa kukwaruza kwa mbali ukiisogezea sikio. Sahani yake kwa kawaida huzunguka mara 5,400 kwa dakika, na kichwa chake cha kusomea lazima kisogee kila kinapotafutwa kipande kipya, hivyo hakiwezi kufikia sehemu nyingi kuliko mia moja hivi kwa sekunde. Diski ya SSD haina kinachozunguka, na hufikia maelfu kwa maelfu katika sekunde hiyohiyo. Windows 10 ilipoanza kufanya kazi nyingi chinichini, yaani kukagua virusi, kupanga orodha ya mafaili na kutayarisha masasisho, diski ya kuzunguka ilielemewa. Ukifungua Task Manager kwenye mashine ya namna hiyo, safu ya diski huwa nyekundu, asilimia 100, ilhali prosesa inatumika kwa asilimia 10 na kumbukumbu bado ina nafasi. Prosesa imekaa inasubiri diski.

Mwenye kompyuta huona tu kwamba jana ilikuwa nzuri na leo, baada ya sasisho, ni mbaya. Hukata tamaa ndani ya saa ile ya kwanza, ambapo mfumo bado unasafisha mabaki ya toleo la zamani na kupanga mafaili upya, kazi ambayo SSD huimaliza kwa dakika na diski ya kuzunguka huichukulia siku. Dawa ya ugonjwa huo ni bisibisi, SSD na kumbukumbu ya GB 8 badala ya 4. Fundi anayezima masasisho ili mashine iwe nyepesi anaondoa mlinzi getini ili msongamano upungue. Mashine ileile iliyohukumiwa kwamba imezeeka huwaka kwa sekunde chache ikishawekewa SSD, ikiwa na Windows ileile iliyotukanwa.

Kuhusu bando, malalamiko yana msingi, kwa sababu mifumo hii ilibuniwa na watu ambao intaneti yao haihesabiwi kwa megabaiti. Faili la kupachika Windows nzima huzidi GB 5, na viraka vya mwezi mmoja huweza kufika mamia ya megabaiti. Mtu anayewasha hotspoti ya simu ili atume barua pepe moja ana haki ya kukasirika akikuta bando limekwisha. Hata hivyo Windows 10 na 11 zina mahali pa kutamka kwamba mtandao huu unalipiwa kwa kipimo. Ukishatamka hivyo, masasisho mengi hayashuki yenyewe mpaka uruhusu. Yanaweza pia kusimamishwa hadi wiki tano, kisha yakashushwa kwa bando la usiku au kwenye Wi-Fi ya kazini. Faili la toleo jipya likishawekwa kwenye flashi ya GB 8 linatosha kompyuta za ukoo mzima, na kompyuta zilizo kwenye mtandao mmoja zinaweza kuruhusiwa kupeana viraka bila kila moja kuvishusha upya. Inashangaza kwamba mafundi wanaojua njia za mkato za kila aina huijua hii kwa nadra. Ni dakika mbili za kumwelekeza mteja.

Hoja ya umeme haikawii kumalizwa: kwa kompyuta ya mezani isiyo na UPS, kupanda toleo wakati wa mgao kama ule wa mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024 ni kubahatisha. Laptopu yenye betri nzima haina tatizo hilo, na betri ya mtumba hupimwa kabla, pamoja na kuangalia uniti za LUKU.

Sababu nzito kuliko zote haisemwi na wauzaji waziwazi. Masasisho huzimwa kwa sababu Windows iliyomo imechakachuliwa. Fundi ana flashi moja ya kupigia Windows, inayotembea kutoka mashine hadi mashine, na ndani yake kuna kifaa cha kuiamsha Windows bila leseni. Kabla ya kukiendesha, hatua ya kwanza huwa ni ileile: anazima ulinzi wa virusi, kwa sababu ukiwa macho utakifuta. Wakati mwingine anauagiza kabisa usiikague folda hiyo tena. Kisha anaendesha programu isiyojulikana imetoka kwa nani, na kuipa mamlaka yote juu ya mashine. Huko ni kumkabidhi fisi bucha. Desemba 2021 kampuni ya usalama ya Red Canary ya Marekani ilieleza jinsi nakala za KMSPico, mojawapo ya vifaa hivyo vinavyotafutwa sana, zilivyokutwa zimebeba Cryptbot, programu inayokusanya nywila zilizohifadhiwa kwenye vivinjari. Baada ya hapo mteja huelezwa kwamba akisasisha, Windows itagundulika na kuzimwa.

Maelezo hayo si ya kweli, na ndiyo yanayostahili kukanushwa kwa sauti kubwa kuliko yote. Windows 10 isiyo na leseni haizimwi. Inaandika kwenye kona ya chini ya kioo kwamba haijaamshwa na inamnyima mwenyewe ruhusa ya kubadili picha ya ukutani na rangi, lakini viraka vya usalama inaendelea kuvipokea maadamu toleo lake bado linahudumiwa. Kwa hiyo hata asiye na fedha ya leseni amesalimika zaidi akivumilia maandishi hayo ya kijivu kuliko akikubali kifaa cha kuyafuta.

Linalouma zaidi ni kwamba mashine nyingi zinazochakachuliwa zina leseni tayari. Tangu zama za Windows 8, mwaka 2012, watengenezaji huchoma namba ya leseni ndani ya chipu ya ubao mama. Laptopu ya ofisini iliyotumika Ulaya au Dubai ikafika Kariakoo mara nyingi imekuja na haki yake ndani. Ukiipachika Windows ya aina ileile iliyokuja nayo, kisha ukaiunganisha na intaneti, hujiamsha yenyewe. Fundi huipachika aina nyingine, labda Enterprise juu ya mashine yenye leseni ya Pro, kwa kuwa ndiyo iliyo kwenye flashi yake. Leseni haisomeki, naye anatoa kifaa cha kuvunjia kufuli la nyumba ambayo ufunguo wake umening'inia mlangoni. Mteja analipia kazi hiyo.

Haki inataka upande wa pili nao uambiwe ukweli wake. Microsoft imewapa watu sababu za kutoiamini. Kati ya 2015 na 2016 iliwashinikiza wenye Windows 7 na 8.1 wahamie Windows 10 kwa vidirisha vya kila siku, na Mei 2016 ilifika mahali ambapo kubofya alama ya X ya kufunga kidirisha kulihesabiwa kuwa ni kukubali ratiba ya kuhamishwa. Huo ulikuwa ulaghai, na mwanamke mmoja mfanyabiashara wa California aliyeharibikiwa kompyuta ya kazi kwa sababu ya uhamisho huo alipewa na mahakama fidia ya dola 10,000. Oktoba 2018 toleo jipya la Windows 10 lilifuta mafaili ya baadhi ya watumiaji kwenye folda ya Documents, na likasitishwa siku chache baada ya kutolewa. Programu za zamani nazo huachwa nyuma: Windows 11 ni ya biti 64 pekee, na programu za biti 16 zilizoandikwa miaka ya 1990 haziendeshwi humo kabisa. Mwenye duka ambaye hesabu zake zote zimo katika programu kama hiyo ana haki ya kusita.

Makosa hayo yanafundisha kunakili mafaili kwanza kwenye diski ya nje, na kutokimbilia toleo jipya wiki linapotoka. Hayafundishi kukataa viraka vya kila mwezi. Tanzania yenyewe ina kumbukumbu ya kuilaumu mashine kwa kosa la matumizi: baada ya kuvurugika kwa hesabu za Wizara ya Fedha zilizokuwa zimehamishiwa kwenye kompyuta, serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini mwaka 1974, na miaka mingi ya kujifunza ikapotea kabla milango haijafunguliwa tena.

Swali gumu limekuja na tarehe 14 Oktoba 2025, siku ambayo huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikoma. Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0, kumbukumbu isiyopungua GB 4, nafasi ya GB 64 na, kwa prosesa za Intel, kizazi cha 8 kwenda juu isipokuwa chache. Mashine zilizojaa sokoni kama HP EliteBook 840 G3, Dell Latitude E7470 na Lenovo ThinkPad T460 zina kizazi cha 6. Ni mashine imara ambazo bado zinaweza kufanya kazi miaka mingi, na Microsoft ilistahili kulaumiwa kwa kuzifungia mlango. Hapa wenye ushauri wa kutogusa hudhani wameshinda: kama haipandi, basi iachwe.

Njia zipo mbili halali. Ya kwanza ni kuiandikisha Windows 10 katika mpango wa nyongeza wa viraka, unaofikia 13 Oktoba 2026, ambao kwa mtu wa nyumbani hauhitaji malipo akikubali kuhifadhi mipangilio yake kwenye akaunti ya Microsoft. Ya pili ni kuhamia Linux, kama Ubuntu au Mint, isiyouzwa wala kuhitaji kuvunjwa, na ambayo kwa kuandika barua, kutazama video na kujaza fomu za mtandaoni inatosha kabisa. Wala programu huria za namna hiyo si ugeni kwa Dar es Salaam. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikishirikiana na kampuni ya Uswidi ya IT+46 katika mradi wa Kilinux, kilitoa OpenOffice, programu huria ya kazi za ofisini, kwa Kiswahili na kwa jina la Jambo OpenOffice, miaka mingi kabla ya wengi kusikia habari za programu huria. Kuilazimisha Windows 11 juu ya mashine isiyokubalika ni njia ya tatu inayopendwa na mafundi, lakini Microsoft haiahidi kuipatia mashine hiyo masasisho, na mteja anarudishwa palepale alipotolewa.

Mnunuzi wa kompyuta ya mtumba anaweza kuyakagua haya yote akiwa bado amesimama dukani. Afungue mipangilio, aingie kwenye Windows Update, aone tarehe ya mara ya mwisho mfumo ulipokaguliwa. Afungue ukurasa wa usalama aone kama ulinzi wa virusi umewashwa na kama kuna folda zilizosamehewa ukaguzi. Aulize diski ni ya kuzunguka au ni SSD, na prosesa ni ya kizazi cha ngapi. Akikuta masasisho yamezimwa, aombe yawashwe mbele yake kabla hajatoa fedha. Fundi akikataa, mashine hiyo irudi kwenye rafu.